Yoga na uzito wa binti yako

Pole dada. Umeuliza kama yoga pekee itampunguza uzito binti yako wa miaka 15 hapo Kampala. Pekee haitoshi: yoga ya taratibu huchoma nguvu kidogo kuliko kupanda kilima cha Mengo kwa mwendo wa haraka, na Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Faida kubwa ya yoga iko kwenye utulivu. Alale chali mkekani, mkono juu ya tumbo, avute pumzi puani polepole, kisha aitoe kwa muda mrefu zaidi. Mapigo ya moyo hutulia, na ile rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya usiku inayoliwa kwa mawazo ya mtihani huweza kupungua. Ila tafadhali sana, asipimwe kilo mbele ya wadogo zake; aibu humfanya mtoto ale kwa kujificha.