Manesi wapya, mshumaa wa Siku ya Manesi mmewasha, chati je?

Juzi napokea zamu nakuta chati ya joto wodi nzima 36.8, vitanda kumi na mbili vyote 36.8, nikajua kuna mdogo wangu kalala. Sasa kaeni niwaambie na msinune.

1. Nawa mikono. Kila mgonjwa. Basi.

2. Ripoti ipokelee kitandani kwa mgonjwa, sio mezani kwenye chai.

3. Andika ulichopima. Hapa nina aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza, zamu ya usiku, wodi ya upasuaji wanaume, kuna kijana wa bodaboda mguu una vyuma, saa nane kalala fofofo nikasema nimwamshe wa nini, nikanakili ya jioni, joto, mapigo, yote. Asubuhi daktari kamgusa paji la uso tu, akanitazama mimi. 39.6. Kidonda kimeoza chini ya bandeji, na ile harufu niliisikia usiku nikadhani ni choo jamani. Alirudishwa thieta mara mbili. Alipona, na siku ya kuruhusiwa mama yake akanipa ndizi, ati asante nesi ulikesha na mwanangu. Zile ndizi sikuzila.

4. Huyu Florence Nightingale, nesi Mwingereza mnayemwashia mshumaa kila 12 Mei, mnajua tu ile taa aliyozungukia nayo wodi usiku. Alifika Scutari, Uturuki, Novemba 1854 na manesi 38, majeruhi wa Kiingereza wa Vita vya Krimea wamelazwa kwenye kambi iliyokaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Wengi hawakuuawa na risasi, ni kuhara, kipindupindu, taifasi (homa ya chawa). Februari 1855 walikufa kama 42 kati ya wagonjwa 100. Machi ikaja tume ya usafi kutoka Uingereza, ikazibua mifereji, ikakuta mzoga wa farasi kwenye njia ya maji, na kufika Juni vifo ni kama 2. Na yeye alikuwepo pale pale akiamini tatizo ni lishe na askari kuletwa wamechelewa! Mpaka vita imeisha, amekaa na William Farr, mtu wa takwimu, wakahesabu vifo, ndio akaona alichokuwa analala juu yake. Na daftari za vifo zenyewe alizikuta vurugu tupu, hazikubaliani. Sasa angepewa chati zenu za 36.8 angehesabu nini?

5. Kalamu beba mbili, madaktari wanaziiba.