Mwendo wa tamthilia hupimwa kwa kinachobadilika ndani yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama tamthilia za fantasia za miaka ya karibuni zimeshuka ubora kwa sababu zinajikokota mno, au kama ni sisi mashabiki tuliopoteza subira. Tamthilia hizi nimezifuatilia kwa muda mrefu, na malumbano yanayozizunguka nimeyafuatilia kwa hamu ileile, kwa hiyo naomba nafasi ya kujibu kwa kirefu kidogo. Kwa maoni yangu, swali linagawa lawama kabla ya kugusa chanzo chake. Mtazamaji huchoshwa pale saa nzima inapopita bila mhusika yeyote kujua jambo ambalo hakulijua, kupoteza kitu alichokuwa nacho, au kuamua jambo ambalo hawezi kulirudisha nyuma. Saa ya namna hiyo inaweza kuwa ya mazungumzo tu, na inaweza vilevile kuwa imejaa panga na moto.

Nianze na Game of Thrones, kwa kuwa ndiyo inayotolewa ushahidi na pande zote mbili za ubishi huu. Ilianza kuonyeshwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, Aprili 2011 na kumalizika Mei 2019, ikiwa na misimu 8 na vipindi 73. Anayetaka kuona mwendo wa polepole aurudie msimu wa kwanza. Mfalme Robert anafika Winterfell katika kipindi cha kwanza kumwomba bwana wa ngome hiyo, Ned Stark, awe mshauri wake mkuu, na Ned haingii mji mkuu hadi kipindi cha tatu. Katika safari yote hiyo hapapiganwi vita hata moja. Kuna ugomvi wa watoto kando ya mto, ambapo mwana wa mfalme, Joffrey, anang'atwa na mbwa mwitu wa Arya, binti mdogo wa Ned. Kuna uongo unaosemwa mbele ya mfalme. Kuna Sansa, dada yake Arya, anayeogopa kusema alichokiona. Na kuna mbwa mwitu wa Sansa, asiye na kosa lolote, ambaye Ned analazimika kumuua kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mtu mwenye haraka, huo ni mkasa mdogo wa watoto. Lakini baada yake madada wawili hawaaminiani tena, Ned ameonja jinsi haki inavyopindishwa mbele ya rafiki yake wa miaka mingi, na sisi tumeshamjua Joffrey kabla hajavaa taji. Anapoamuru Ned akatwe kichwa katika kipindi cha tisa, mshtuko ni mkubwa, na hata hivyo hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Msimu huohuo una habari ambayo ningependa wanaodai kwamba kila dakika lazima isukume kisa mbele waitafakari. David Benioff na D. B. Weiss, waliosimamia tamthilia hiyo, wameeleza kwamba baadhi ya vipindi vilitoka vifupi kuliko muda uliohitajika, wakalazimika kuandika maonyesho ya ziada ambayo hayamo katika vitabu vya George R. R. Martin, na ambayo hayangegharimu fedha nyingi: watu wawili chumbani wakizungumza. Mojawapo ni mazungumzo ya Robert na Cersei katika kipindi cha tano. Mfalme na malkia wanajadili hali ya ufalme, kisha wanacheka wote wawili kwa kutambua kwamba nchi nzima imeshikiliwa na ndoa yao mbovu. Baadaye wanamtaja Lyanna, mwanamke aliyekufa ambaye Robert hakuacha kumpenda, na Cersei anauliza kama iliwahi kuwapo siku ambayo wao wawili wangeweza kuelewana. Robert anajibu hapana. Hakuna aliyeuawa wala siri iliyofichuka, lakini ukishatoka hapo huwezi tena kumwona Cersei kama adui mtupu, na kila alitendalo baadaye unalitazama kwa jicho jingine. Onyesho lililoandikwa kujaza dakika ndilo wengi wetu tunalolikumbuka kuliko mapambano ya msimu huo.

Msimu wa saba ulikuwa na vipindi 7 badala ya 10 vilivyozoeleka. Katika kipindi cha sita Jon Snow, aliyelelewa na Ned kama mwanawe, na wenzake wamezingirwa na jeshi la wafu kaskazini ya Ukuta, boma kubwa la barafu linalolinda mpaka wa ufalme, juu ya jiwe katikati ya ziwa lililoganda. Gendry, mmoja wao, anakimbia kwa miguu hadi ngome ya Ukutani, kunguru anarushwa na ujumbe hadi Dragonstone, kusini mbali kabisa, na Daenerys, malkia anayedai kiti cha ufalme, anapanda joka lake na kuwafikia wangali hai. Ubishi uliofuata naukumbuka vizuri. Wapo waliokaa na ramani wakapiga hesabu ya mwendo wa kunguru, na wapo waliowacheka, wakisema kwamba mtu aliyekwisha kukubali kuwapo kwa majoka hana haki ya kulalamikia umbali. Mimi nasimama na wenye ramani. Ulimwengu wa kubuni huaminika kwa sababu una masharti yake, na umbali ulikuwa sharti lililojengwa kwa subira kubwa. Arya anasafiri karibu msimu mzima wa tatu ili amfikie mama yake na kaka yake, na anafika nje ya ngome usiku uleule wanaouawa ndani. Maumivu ya kipindi kile yanatokana na njia ndefu aliyoipita. Umbali ulipofutwa katika msimu wa saba, hofu ya kuchelewa ilifutika pamoja nao, na mhusika asiyeweza kuchelewa hawezi kutuweka roho juu.

Kuhusu msimu wa nane, wenye vipindi 6, yamesemwa mengi mno, na mengine yalisemwa kwa ukatili ambao sikuupenda. Ombi la kutaka msimu huo uandikwe upya lilitiwa saini na watu zaidi ya milioni moja. Sikutia saini yangu, kwa kuwa naamini kazi ya sanaa ikishatolewa ni ya walioitoa, na mtazamaji ana haki ya kuihukumu, si ya kuirudisha kiwandani. Hata hivyo uchungu uliokuwa nyuma ya saini zile niliuona wa kweli, na haukustahili kuitwa utoto. Watetezi wa msimu huo wana hoja zao. Ulipata tuzo ya televisheni ya Marekani iitwayo Emmy, ya tamthilia bora, mwaka 2019, na ufundi wake hauna mfano, kwani pambano la usiku katika kipindi cha tatu lilipigwa picha kwa usiku 55. Wanasema pia kwamba ukatili wa Daenerys ulikuwa umeshapandwa zamani, tangu alipowasulubisha mabwana wa watumwa wa mji wa Meereen hadi alipowachoma baba na mwana wa ukoo wa Tarly, na hapo nakubaliana nao kabisa. Mwelekeo wa kisa ulikuwa sahihi. Lakini tazameni alivyofikishwa hapo. Ndani ya vipindi viwili joka lake moja linauawa, rafiki yake Missandei anakatwa kichwa mbele ya macho yake, mshauri wake Varys anamsaliti, na Jon anajitenga naye kimapenzi. Kila pigo kati ya hayo lingetosha kubeba kipindi kizima katika misimu ya mwanzo. Hapa yanapangwa kama tarehe katika kalenda. Kengele za mji zinalia kutangaza kusalimu amri, kamera inamkazia uso Daenerys kwa muda mfupi, kisha anaruka na joka lake na kuanza kuchoma, na kuanzia hapo tunabaki chini mitaani pamoja na wanaokimbia. Katika saa ambayo tulihitaji kuwa karibu naye kuliko wakati mwingine wowote, tamthilia ilimwacha angani. HBO ilikuwa tayari kuwapa watayarishaji nafasi ya vipindi zaidi, nao wakaamua kwamba waliyobakiwa nayo yangetosha. Mashabiki walisema wamelipua kazi. Neno ni kali, ila sioni jingine linalofaa kwa vipindi viwili vile.

Ndiyo maana nashangazwa na namna lawama zilivyogeuka ilipokuja House of the Dragon, tamthilia nyingine ya HBO, inayosimulia vita vya kugombea kiti ndani ya ukoo wa mababu wa Daenerys. Msimu wake wa kwanza, wa mwaka 2022, ulipita juu ya takriban miaka 20 katika vipindi 10, na baada ya kipindi cha tano waigizaji wa Rhaenyra, binti wa mfalme, na Alicent, mke wa mfalme huyo, wakabadilishwa kwa sababu hadithi ilikuwa imeruka miaka kumi. Malalamiko yalikuwa kwamba inakimbia. Yalikuwa ya haki: katika kipindi cha sita tunampokea Laena Velaryon akiwa mke wa Daemon, baba mdogo wa Rhaenyra, na mama wa watoto wawili, na kabla kipindi hakijaisha ameshakufa kwa moto wa joka lake mwenyewe, nasi hatujapata hata nafasi ya kumzoea. Mwaka 2024 ukaja msimu wa pili, wenye vipindi 8, na malalamiko yakawa kwamba haisogei. Waliolalamika mara zote mbili waliitwa vigeugeu. Mimi naona walikuwa wanalalamikia jambo moja mara mbili, yaani muda kutolewa pasipohitajika na kunyimwa palipohitajika.

Msimu huo wa pili unastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu polepole nzuri na polepole mbaya zimo zote ndani yake. Katika kipindi cha tatu Rhaenyra anajipenyeza katika mji wa adui zake na kumkuta Alicent akiwa katika ibada. Wanazungumza kwa kunong'ona. Alicent anagundua, tena uso wake unaonyesha dhahiri kwamba amegundua, kuwa maneno ya mwisho ya mume wake aliyaelewa vibaya, na kwamba vita vyote vimejengwa juu ya kosa hilo. Kisha anasema muda umekwisha, anageuka na kuondoka. Hakuna joka, na hakuna aliyechomoa upanga, lakini tangu hapo Alicent ni mtu mwingine, na safari yake ya kumfuata Rhaenyra katika kipindi cha nane isingewezekana bila dakika zile. Sasa mtazameni Daemon, ambaye hapa ni mume wa Rhaenyra, anayefika katika ngome ya Harrenhal katika kipindi hichohicho cha tatu na kubaki humo hadi mwisho wa msimu akitokewa na njozi. Ya kwanza ilinigusa, pale anapomwona Rhaenyra akiwa bado msichana. Ya kaka yake aliyekufa ilinigusa zaidi. Katikati, hata hivyo, zipo njozi zinazotuambia tena kwamba anasumbuliwa na dhamiri, jambo tulilokwisha kuambiwa, na nje ya ngome vita vinamsubiri yeye amalize kuota. Kisha msimu ukafungwa majeshi yakiwa njiani na meli zikiwa baharini.

Hapo ndipo suala la subira linapoingia, na sitaki kulikwepa kwa sababu mmeliuliza waziwazi. Kati ya 2011 na 2017 Game of Thrones ilirudi kila mwaka, na katika misimu sita ya kwanza ilirudi na vipindi 10. Kipindi kimoja kilichopoa hakikumuumiza mtu, kwa kuwa wiki iliyofuata kulikuwa na kingine, na mwaka uliofuata kulikuwa na kumi vingine. Msimu wa kwanza wa House of the Dragon uliisha Oktoba 2022, wa pili ukaanza Juni 2024, na ulikuja na vipindi viwili pungufu. Mtazamaji aliyengoja muda wote huo anapopewa kipindi kinachorudia njozi ya wiki iliyopita, anayo haki ya kuhisi kwamba deni lake limelipwa nusu. Naelewa kwamba majoka ni ghali na kwamba kazi ya kuwachora kwa kompyuta huchukua miezi mingi. Lakini hiyo ni sababu ya kuzitunza vizuri zaidi dakika zilizopo, na haiwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba mashabiki wa leo hawawezi kutulia.

Hasara ya kukimbia mapema huwa inaonekana baadaye. The Wheel of Time ilianza kuonyeshwa na Amazon Novemba 2021, ikiwa imetokana na mfululizo wa vitabu 14, na msimu wake wa kwanza ulipewa vipindi 8 kumeza kitabu cha kwanza chenye wahusika wengi na dunia yenye historia ndefu. Mwigizaji wa Mat, mmoja wa wahusika wakuu, aliondoka kabla upigaji picha haujakamilika, na janga la korona likavuruga mipango iliyobaki, kwa hiyo siwalaumu watayarishaji kwa kila pengo. Msimu wa tatu ulisifiwa sana, nami nauona bora kuliko mingine yote. Mei 2025 tamthilia ikasitishwa. Naamini kwamba watazamaji walioondoka mwanzoni, kabla hawajapewa muda wa kumpenda mhusika hata mmoja, hawakurudi kuuona ubora ulipofika.

Kwa mashabiki wenzangu nina ombi moja tu: tunapobishana, tutaje kipindi, tutaje onyesho, na tuseme ni nini kilichobadilika au kilichoshindwa kubadilika. Anayesema tu kwamba kipindi kinaboa hajatuambia lolote la kulijibu, na anayemjibu kwamba hana akili ya kuelewa amefunga mlango ambao ungetupitisha sote.

Ryan Condal, msimamizi wa House of the Dragon, alitangaza mwaka 2024 kwamba tamthilia hiyo itafikia mwisho katika msimu wa nne. Hadithi iliyobaki ina vifo vingi na mapambano mengi, na hofu yangu ni kwamba yatakuja kupangwa kama yale ya Daenerys, moja juu ya jingine. Ikilazimu kitu kipunguzwe, ningependa lipunguzwe pambano moja la majoka, na dakika zake wapewe Rhaenyra na Alicent wakiwa chumba kimoja. Najua wapo watakaonipinga vikali kwa hilo, na niko tayari kubishana nao kipindi kwa kipindi.