Daftari la muuza mahamri

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nashona katika kiwanda cha nguo hapa Mombasa. Ukiwatoa mameneja tuko 600, na waliojiunga na chama cha wafanyakazi ni 240. Mwajiri hataki kututambua. Kikundi chetu cha akina mama na vijana wa bodaboda mtaani wataka kutuunga mkono, lakini katibu wa tawi asema ya kiwandani yabaki kiwandani. Nani ana haki?
Mshonaji, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Katibu wako ana nusu ya haki. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 54, yataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga. Hata mkijaza mtaa mzima getini, bila ya watu 301 mwajiri halazimiki kuwatambua. Na mezani atakayetia saini mkataba wa pamoja ni chama, si kikundi cha akina mama.

Lakini hao 61 waliobaki katibu atawapata wapi? Kiwandani supavaiza yuko mgongoni, hata choo ni kwa ruhusa. Kwenye mchezo wenu wa pesa Jumapili ndiko mtu anakoweza kuisoma Fomu S, ile ya kukubali kukatwa ada ya chama kwenye mshahara, akauliza atakatwa ngapi. Wekeni nakala zenu za fomu hizo. Rundo letu moja lilipotea ofisini tukaanza upya.

Mimi nilikuwa shopstuadi, mwakilishi wa chama kazini, kwenye kiwanda cha korosho. Mgomo wetu wa kwanza hatukumwambia mtu mtaani. Muuza mahamri na mbaazi, aliyekuwa akitukopesha sote, akausikia kwa redio. Asubuhi ya tatu akafunga daftari la madeni: "Mwataka niwabebe, na mimi sikuambiwa?" Siku ya saba tulirudi kazini mikono mitupu.

Mara ya pili tulianzia kwake, kabla hata ya kumpelekea mwajiri ile notisi ya mgomo ya siku saba. Akatufunulia daftari. Tarehe 1 hadi 12, mistari michache tu, watu wanalipa taslimu. Kuanzia 13 ukurasa umejaa madeni hadi pambizoni. Akatuhesabia jumla za miezi sita bila kutaja jina la mtu, tukaziandika kwenye karatasi moja tukaenda nayo mezani. Meneja alikuja na hesabu zake za umeme na dola. Ile karatasi aliigeuza mara mbili, akaomba chai.

Hili si jipya hapa. Mgomo mkuu wa Mombasa, Januari 1947, haukuwa wa makuli wa bandarini peke yao. Wa reli, wa mahoteli na maboi wa nyumbani walikuwamo, kwa sababu kodi ya nyumba na bei ya chakula viliwabana wote. Walikutana uwanjani Kiembeni, mji ukasimama karibu wiki mbili. Agosti mwaka huo huo serikali ikamkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, ikampeleka uhamishoni Baringo, na shirikisho lao la wafanyakazi likayumba. Kwa hivyo msitundike kila kitu kwenye msumari mmoja, hata kama mwenyekiti wa kikundi chenu ana maneno matamu.

Sasa hao vijana wa bodaboda. Umewauliza wao watapata nini? Nadhani madai yenu yana basi la zamu ya usiku, maana kila kiwanda hudai hilo. Basi likija, wao ndio wapotezao abiria wa saa tano usiku. Wakilijua siku ya mgomo mmewakosa. Kaeni nao mapema. Pengine mdai posho ya usafiri, kila mtu apande anachotaka. Na mchukue katibu kwenye kikao hicho, akae kwenye benchi kama wengine, asikilize.