Barua kwa Mwanangu: Miungu Waliovushwa Mto

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Unauliza: kama Wareno waliotwaa Goa, huko India, mwaka 1510 walibomoa mahekalu ya Wahindu, hayo uliyoyaona Ponda na wenzako wa chuo yalisalimika vipi?

Mengi hayakusalimika, binti yangu. Yalihama. Goa ya Wareno siku hizo ilikuwa kipande cha pwani tu: Tiswadi, Bardez na Salcete. Ukivuka mto Zuari uko Ponda, nchi ya sultani wa Bijapur, ambako Wahindu waliabudu bila kubughudhiwa na padri. Mwaka 1540 mahekalu ya Tiswadi yalivunjwa. Mwaka 1566 ikatoka amri kwamba hekalu jipya lisijengwe wala bovu lisikarabatiwe, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Salcete.

Wapo ambao hawakungoja. Mwaka 1560 watu wa Cortalim walilichukua jiwe takatifu la Mangesh, ambaye ndiye Shiva wao, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, wakalivusha mto hadi Priol, upande wa Ponda. Mungu wa kike Mahalasa akatolewa Verna akapelekwa Mardol. Mwenzake Shantadurga akahamia Kavlem, hukohuko Ponda. Kuta wakamwachia Mreno. Kwangu mimi huo ndio werevu wenyewe, maana angebaki mtu kutetea kuta, angekosa kuta na mungu pia.

Ule mnara mweupe wa ghorofa saba ulioupiga picha Mangeshi, kwenye hekalu la huyo Mangesh, ukadhani ni wa kengele, ni wa taa. Hekalu lilijengwa upya karne ya 18, na mafundi walikuwa wameshayazoea makanisa.

Wareno walipoimeza Ponda miaka ya 1760, ari ya kubomoa ilikuwa imepoa, wakakubali kutoingilia dini ya wenyeji. Usiite huruma. Tangu zamani hazina yao iliwategemea wafanyabiashara na wakusanya kodi wa Kihindu. Sisi wa Mombasa tunawajua Wareno: Fort Jesus ilitawaliwa kutoka hukohuko Goa, na sultani wetu Yusuf bin Hasan waliyemlea na kumbatiza huko ndiye aliyewageuka mwaka 1631.

Ukitaka hekalu lililobaki palepale lilipojengwa, nenda Tambdi Surla. Ni la karne ya 12, jiwe jeusi tupu, ndani ya msitu chini ya milima, mbali na ngome za Wareno. Nenda kabla ya Juni, maana mvua za huko si mchezo, na uvae viatu vya kuvulika upesi.

Baba yako