Muulize Muuguzi: Aleji ya machipuo na kikombe cha maji ya chumvi

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Majira ya machipuo yakiingia tu, mimi sina raha. Naamka na chafya mfululizo, pua inachuruzika maji, macho yanawasha. Hata tufaa nikiling'ata, kaakaa linawasha. Vidonge vinanisaidia ila vinanilaza kazini. Mama mkwe ananihimiza asali kila asubuhi, shoga yangu anasema nijifukize. Kuna njia ya asili inayosaidia kweli?
– Nimechoka na chafya

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kuna njia, ila si ya kunywa wala kula. Ni ya kuosha.

Kinachokutesa ni chavua ya miti, na baadaye ya nyasi: vumbi jepesi linalopeperushwa na upepo hadi puani. Maua mazuri yenye rangi usiyasingizie. Chavua yake ni nzito, inanata, na husafirishwa na nyuki. Hapo ndipo asali ya mama mkwe inapokwama, maana nyuki hukusanya zaidi chavua ya maua ambayo wala hayakusumbui. Inywe kwa ajili ya koo, usimvunje moyo mama wa watu, lakini aleji haitibu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe kabisa.

Sasa tuje kwenye pua. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kwenye kikombe cha mililita 240 tia nusu kijiko cha chai cha chumvi safi isiyo na madini joto, kijiko kisifurike. Inama juu ya sinki, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, kisha mimina taratibu kwenye tundu la juu kwa chupa ya kuoshea pua. Maji yatatokea tundu la pili, pamoja na mengine usiyotaka kuyaona. Geuza upande. Yakikuchoma, mara nyingi ni chumvi imezidi au imepungua. Osha jioni ukitoka nje, kisha safisha chupa na uikaushe.

Kwenye kuchemsha sitaki mzaha. Maji ya bomba yanaweza kuwa na aina fulani ya amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambayo ukiimeza haina neno, lakini ikipandia puani inaweza kufika kwenye ubongo.

Mengine ni mazoea tu. Oga na uoshe nywele kabla ya kulala, la sivyo chavua ya mchana kutwa unaihamishia kwenye mto. Nguo usianike nje msimu huu. Vaa miwani, funga madirisha siku kavu zenye upepo. Macho yakiwasha usiyafikiche, yawekee kitambaa cha maji baridi.

Kujifukiza sikupendi. Mvuke unakupa nafuu ya muda mfupi, lakini nimeshafunga bandeji mapaja ya watu waliomwagikiwa na beseni. Chai ya kamomili nayo uiendee polepole: mmea huo ni wa ukoo mmoja na magugu fulani yenye chavua kali, na wapo wanaovimba midomo kwa kuinywa.

Tufaa umeniuliza vizuri. Protini zake hufanana na za chavua ya baadhi ya miti, basi mwili unazichanganya. Likipikwa, wengi hawawashwi tena. Ila ukivimba koo au ukikosa pumzi, usijaribu tena, nenda hospitali.

Usingizi kazini unatokana zaidi na vidonge vya kizazi cha zamani. Muulize mfamasia vile visivyolaza. Au umwombe daktari dawa ya kupuliza puani, ambayo husaidia zaidi ukiianza wiki 1 au 2 kabla ya msimu. Kuosha pua hakugombani nayo: osha kwanza, ndipo upulize.

Kifua kikibana au kikianza kupiga miluzi, hayo si ya maji ya chumvi tena. Huenda ni pumu. Mtu wa hivyo asikae nje dhoruba ya radi inapokuja, kwa sababu unyevu hupasua chavua kuwa chembe ndogo zinazoingia hadi mapafuni. Melbourne, Australia, Novemba 2016, ikiwa machipuo kule, dhoruba moja ilijaza hospitali kwa usiku mmoja na watu 10 walifariki. Ukiisikia miluzi hiyo hata mara moja, mwone daktari wiki hiyohiyo. Ikija na kukosa pumzi, nenda saa hiyohiyo.