Nilimwonjesha unga, sasa nataka kumtoa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni fundi wa kuchomelea, naishi Temeke. Nilikula unga, yaani heroini, miaka tisa. Sasa nina mwaka na miezi miwili niko safi, tangu nilipopelekwa soba, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya. Rafiki yangu wa utotoni bado yuko maskani, kijiwe cha wala unga, na mimi ndiye niliyemwonjesha mara ya kwanza, kwa hiyo naona nina deni lake. Nilimleta kwangu nikamfungia chumbani kwa kufuli siku tano ili arosto, yale mateso ya kukosa unga, impite. Siku ya sita akaondoka na mtungi wetu wa gesi. Nimemfuata maskani mara nne. Mara ya mwisho alinipa kete ya unga nimshikie dakika mbili afunge kamba za viatu, nikamshikia, nikamrudishia. Kuna wanaosema aende kwenye dawa ya methadoni, ila naona huko ni kubadilisha sumu kwa sumu. Mke wangu anasema nikimrudisha nyumbani, yeye na mtoto wanaondoka. Soba tulifundishwa kwamba ukipona umvute na mwenzako. Nifanyeje?*
*Mwenye Deni*

Marahaba mwanangu, na hongera. Miezi 14 si mchezo kwa mtu aliyekula unga miaka tisa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye zile dakika mbili za viatu. Umezitaja kama mtu anayetaja kwamba jana mvua ilinyesha, halafu ukakimbilia methadoni na mkeo. Mtu aliyeuza hadi mtungi wa gesi wa mwenyeji wake, bado ana viatu vya kufunga kamba? Sisemi alikutega. Nasema ulikuwa umesimama maskani, kete imo kiganjani, na hakuna mtu wako hata mmoja aliyejua uko wapi. Ulimwambia nani ulipotoka pale? Naona umeniambia mimi, Shangazi usiyemjua hata sura.

Mwambie leo sponsa wako, yule mwenzako aliyetangulia kuacha anayekushika mkono. Kama huna, rudi kwenye mkutano na useme mbele za watu, "Nilishika kete." Aibu yake itapita. Kitu usichokisema ndicho kitakachokurudisha pale kwa mara ya tano. Na jambo hili unalijua, ila nalirudia: mwili wako umeshasahau unga. Kipimo ulichokuwa ukikimudu zamani leo kinaweza kukuzimisha pumzi.

Hatari hiyohiyo ulimwekea mwenzako kwa lile kufuli lako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Najua ulifanya kwa mapenzi, na wazazi wengi wa hapa mjini wamefanya hivyohivyo. Lakini mtu wa arosto anatapika na kuharisha mpaka maji yanamwishia mwilini. Kama alikuwa akichanganya na pombe kali au vidonge vya usingizi, kuviacha ghafla kunaweza kumletea degedege na kumuua humo ndani, nyie mnasikia kelele mkidhani ni ukaidi. Na akitoka baada ya siku tano, mwili umeanza kupoteza uzoefu lakini kiu iko palepale. Anachoma kama alivyozoea, basi. Kama mtungi wa gesi ndicho kitu pekee mlichopoteza wiki ile, mshukuru Mungu. Siku ukimkuta mtu anakoroma ovyo, midomo imebadilika rangi na haamki, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali, ambako kuna dawa ya naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi. Msimmiminie maziwa mdomoni.

Sasa hiyo "sumu kwa sumu". Maneno haya nayasikia sana kwa waliopitia soba, na naelewa yanakotoka: wewe ulivuka kwa kuacha kila kitu, basi unaona daraja ni moja tu. Methadoni ni dawa ya kunywa, mtu anapewa mbele ya mhudumu kila siku kwa kipimo alichopangiwa na daktari. Inamzuilia arosto, na kipimo kikishakaa sawa hapati ule mzuka wa unga. Hachomi sindano, haazimi bomba la mwenzake lenye virusi, na asubuhi hahitaji kuiba ili apate pesa ya unga wa kuamkia. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na wewe uko Temeke, ambako hospitali ya rufaa ina kliniki yake. Wapo wanaoinywa na kwenda kazini kama wewe unavyokwenda karakana. Kama mwenzako atafaa kwa dawa hiyo au kwa soba, watakaoamua ni yeye na daktari. Njia iliyokufaa wewe si lazima imfae na yeye.

Tuje kwenye deni, maana ndilo jina ulilojipa. Ulimwonjesha, ni kweli, na siwezi kukufutia. Ila nawe kuna aliyekuonjesha. Je, huyo akija leo kukufungia chumbani, utasema amelipa? Likifika wakati mwenzako ana akili ya kukusikia, muombe radhi kwa maneno ya wazi, bila kujieleza sana. Hilo ni lako. Kuacha unga ni kwake, na ukiyachanganya haya mawili, kila akiteleza utaona umedaiwa upya, na mdaiwa wa namna hiyo hukubali hata kushikishwa kete.

Hilo la kumvuta mwenzako mlilofundishwa soba linatokana na hatua 12 za kuacha ulevi, na zina historia inayokuhusu. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kule Marekani, alipoacha pombe alizunguka miezi kadhaa akiwahubiria walevi wa New York. Hakupona hata mmoja. Alipolalamika, mkewe Lois akamwambia: lakini wewe hujanywa. Ilikuwa 1935 ndipo alipokutana na daktari mmoja mlevi mjini Akron, na safari hiyo hakumhubiria, alimsimulia tu yake mwenyewe. Daktari naye akaacha. Kwa hiyo usijipime kwa kuangalia kama mwenzako ameacha.

Maskani usiende tena. Mtumie ujumbe kupitia mtu wa kazi hiyo. Kliniki na asasi zinazowafuata vijana vijiweni zina waelimishaji rika, wengine waliwahi kula unga kama wewe, na hawaendi peke yao. Mwambie kwamba siku akitaka, saa mbili asubuhi utamngoja nje ya geti la hospitali, utakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe, na chai utamnunulia wewe. Pesa mkononi usimpe. Asipotokea, nenda kazini kwako. Na ukiona mkono wako wa kusaidia una nguvu, kuna vijana wenye wiki mbili tu pale soba ulikotoka ambao wangefurahi kumuona fundi mwenye karakana.

Mkeo yuko sahihi. Alivumilia miaka ya unga wako, asivumilie na ya rafiki yako. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, umwambie na habari ya kete kabla hajaisikia mtaani. Na ule mtungi wa gesi ununue mwezi huu, uujaze.