Ni 2000, si 1967

Hapana ndugu, umesema jimbo la Alabama, Marekani, liliondoa katazo la ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi kwenye katiba yake mwaka 1967, lakini lilifanya hivyo Novemba 2000, kwa kura ya wananchi. Huo mwaka 1967 ulioutaja ni wa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Richard na Mildred Loving, mume na mke waliooana Washington mwaka 1958, wakarudi kwao Virginia wakakamatwa kwa kosa hilo hilo la kuoana. Hukumu ile ilibatilisha makatazo ya aina hiyo nchi nzima, kwa hiyo ni kweli kwamba kifungu cha 102 cha katiba ya Alabama ya 1901, chenye katazo hilo, hakikuwa na nguvu tena. Lakini maneno yenyewe yalibaki kwenye maandishi miaka 33 zaidi, na kinachoniuma ni kwamba siku ya kuyafuta, karibu wapiga kura 4 katika kila 10 walitaka yabaki. Hizi si sheria za kuchekea. Jimbo la South Carolina nalo lilifuta katazo lake 1998 tu.